Buti za Josefina na Kilio Kilichokataa Kuisha

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, asifiwe tena, yeye aliyenishusha kutoka mlimani mifupa yangu ikiwa mizima.

Mimi ni Bibi Kolotilda wa Sydenham, yule wa cherehani. Shule niliishia darasa la tatu, basi mkikuta maneno yamekaa upande, yanyoosheni wenyewe. Wamama wa maombi wameniomba niandike ushuhuda wangu. Nilikataa mara mbili, kwa sababu ushuhuda mnaoupenda ni ule mtu anaanza akilia na anamaliza akicheza. Wangu si hivyo. Nililia, na mpaka leo nalia. Lakini Mungu alinitoa mahali, na mahali penyewe nitawaambia.

Nilikuwa na rafiki, jina lake Josefina. Yeye Mrundi wa kando ya ziwa, mimi Mkongomani wa ng'ambo ya ziwa hilohilo. Tulijuana hapa Durban kwenye mstari wa karatasi za ukimbizi, miaka kumi na tisa iliyopita. Mvua ilikuwa inatunyeshea, akanifunika na nusu ya kitenge chake bila kuniuliza jina. Tangu siku hiyo tulikula pamoja, tulizika pamoja. Mume wangu alipokufa, ni Josefina aliyelala chini na mimi siku zote za kilio.

Sasa kila baridi Josefina alikuwa anaenda miezi mitatu kuosha vyombo kwenye hoteli moja ya juu milimani, karibu na mpaka wa Lesotho. Huko theluji inaanguka, na watu wenye nafasi wanakwenda kuteleza. Wanafunga mbao mbili ndefu miguuni, wanaziita skii, wanashuka mlima kwa mbio. Eish, ndugu zangu, Josefina akajifunza! Mwanamke wa miaka hamsini na nane, ana wajukuu wanne. Saa ya mapumziko aliacha sufuria, akapanda. Mwaka wa kwanza kilima cha watoto. Mwaka wa pili akashuka mteremko mkali wenyewe, ule ambao ukisimama juu huoni chini. Akarudi Durban uso umeungua, ananiambia, "Kolotilda, kule juu hakuna mtu anayekuuliza karatasi. Njoo uone."

Nilisema nitakuja mwaka ujao. Mwaka ujao nikasema cherehani. Mwaka uliofuata nikasema goti. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu kwa niaba yake.

Siku moja, kwenye mkutano wa wamama kule Queensburgh, akatoa simu kutuonyesha picha yake. Amevaa suruali na koti jekundu, anacheka meno yote nje. Wamama wakacheka kwa furaha. Mimi nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba bibi mzima wa kanisa anateremka mlima kwa matako, halafu kesho anataka kutuongozea maombi. Watu wakacheka tena, lakini hicho kilikuwa kicheko kingine. Josefina akarudisha simu mkobani. Na kwenye mkutano hakurudi.

Wiki tano hatukusemeshana. Alhamisi moja nashona gauni la mtu, simu ikalia. Ni yeye. Nikaiangalia ikilia mpaka ikanyamaza. Nikajiambia, na asubiri kidogo, ajifunze. Ijumaa asubuhi akanipigia Espe, binti yake wa Pinetown. Presha ilimpanda mama yake, hakufika hospitali.

Ndugu zangu, sijui Josefina alitaka kuniambia nini. Msingoje jibu mwishoni mwa ushuhuda huu, halimo.

Kwetu, pande zote mbili za ziwa, nguo ya marehemu haikai sandukuni. Siku ya kumaliza kilio vitu vyake vinatandikwa kwenye mkeka. Kila mtu wa karibu anachukua kimoja, na ulichochukua lazima ukivae mbele ya watu. Vikishavaliwa vyote, mtoto wa marehemu anasema kilio kimekwisha, watu wananawa, wanaanza tena kuishi. Kikibaki kimoja hakijavaliwa, kilio kinabaki wazi.

Tulikusanyika kwa Espe. Vitenge vikaenda, viatu vya kanisani vikaenda, hata leso zikapata wenyewe. Zikabaki buti za skii na lile koti jekundu. Buti zenyewe ni ngumu kama ndoo, hoteli ilikuwa inazitupa, Josefina akaziomba. Wamama wakaanza kuangalia ukuta. Mmoja akanong'ona zitupwe tu. Espe alinitazama mimi. Nikajua anajua habari ya Queensburgh, anajua na habari ya ile simu. Nikainama nikazichukua. Hilo ndilo fungu langu.

Sasa sikieni kosa langu la pili. Nilijiambia, mbele ya watu ni mbele ya watu. Jumapili iliyofuata, mwezi wa Desemba, jua la Durban linawaka, nikavaa koti la theluji na buti zile nikaingia kanisani. Buti hizo hazikunji kifundo cha mguu. Nilitembea ko, ko, ko kwenye saruji, katikati ya viti, kwaya inaimba. Watoto wakaanza. Halafu sauti ya pili ya kwaya ikavurugika kwa kicheko. Espe akatoka nje. Nilimfuata ninavyoweza. Akaniambia, "Ulimfanya mama kichekesho akiwa hai. Sasa umemfanya kichekesho amekufa."

Sikurudi ndani. Sikurudi tena kanisani, na nyinyi mliokuwa mnabisha mlangoni kwangu mnajua sikuwafungulia. Cherehani nikaifunika shuka. Nguo za watu zikakaa. Nilikuwa nafungua mdomo niombe, inatoka hewa tupu. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Mimi niliyewakemea wasichana wenu kwa kukata tamaa, nilikuwa naamka asubuhi na kuhuzunika kwamba nimeamka. Na mtu wa kumwambia maneno ya namna hiyo alikuwa mmoja tu, naye nilikuwa nimeiacha simu yake ilie.

Mwezi wa saba, baridi imeingia, Espe akaja. Bado amevaa nyeusi, nywele hajasuka tangu mazishi, mashavu yameingia ndani. Hakukaa hata kwenye kiti. Akasema, "Bibi, sikuja kwa sababu nimekusamehe. Nimekuja kwa sababu nimechoka. Mama alikuwa anazivaa wapi? Twende ukazivae huko, niseme lile neno, kila mtu arudi kwake."

Tulisafiri siku nzima, taxi mbili na bakkie ya hoteli, ile pikapu. Kule juu ndugu zangu ni peupe mpaka macho yanauma, na upepo unakuchana uso.

Mwalimu wa skii alikuwa Msotho mtu mzima, ndevu nyeupe, jina lake Thabo. Kabla ya yote akanipa karatasi nitie sahihi kwamba nikifa wao hawamo. Nikamwambia kwa Kizulu changu cha sokoni kwamba amezeeka bila akili, wenzake wanachunga ng'ombe, yeye anasukuma bibi za watu mlimani. Akaangalia koti, akaangalia buti. Akasema, "Wewe ndiye Kolotilda."

Nikamwuliza nani amempa jina langu. Akasema, "Josefina aliniambia, iko rafiki yangu mmoja atakuja baridi moja. Utamjua tu, atakutukana kabla ya kukusalimu." Akacheka, akatazama nyuma yetu kwenye bakkie. "Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Hakuwa na habari. Espe akageuka pembeni, basi ikawa kazi yangu kusema. Ndiyo mara ya kwanza nililitamka kwa mdomo wangu, kwamba Josefina amekufa. Mzee akavua kofia. Halafu akaingia kwenye kibanda, akatoka na skii mbili fupi, za mtu anayeanza. Zilikuwa zimefungwa kipande cha kitenge ili asipewe mgeni mwingine. Josefina alinitunzia mimi. Kila baridi, miaka mitatu, anazifuta, anazifunga tena, ananingoja. Na mimi nasema cherehani, nasema goti.

Mnafikiri hapo nilifarijika? Hapana. Hapo ndipo nilipovunjika kabisa. Angekuwa amenikasirikia ningebeba. Lakini kungojwa!

Siku tatu nilijifunza kwenye kilima cha watoto. Miguu ya Josefina ilikuwa mirefu kuliko yangu, nilivaa soksi tatu ndipo buti zikanikaa. Nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu. Siku ya nne nikasema sasa ule mteremko mkali. Thabo akasema, "Gogo," ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, "kilima hiki kinatosha." Nikamjibu kwamba mwenye buti hizi hakuishia kwa watoto.

Tukapanda. Naomba mnielewe vizuri hapa, ndiyo maana naandika. Nilisimama juu, nikatazama chini, nikaona hakuna chini. Na sikuogopa. Kutoogopa kwenyewe ndiko kulikonitisha. Moyo ulisema polepole, achia tu Kolotilda, ukapumzike, hata Espe atapumzika. Maneno matamu kabisa. Nikajua si ya Mungu, lakini nilikuwa nayapenda.

Nikaita jina la Yesu. Sitawadanganya, sikuliita kwa imani. Niliita kama mtu anayepiga simu akijua haitapokelewa.

Thabo hakusikia kitu, niliita ndani kwa ndani. Lakini saa ileile akateleza akaja mbele yangu, akageuka, akanipa uso. Mgongo wake ndio uliokuwa unaelekea chini kule kubaya. Akashika ncha za zile fimbo mbili za skii nilizojishikilia. "Usitazame chini," akasema. "Nitazame mimi." Akaanza kushuka kinyumenyume, na mimi nikashuka.

Tulikata mlima upande kwa upande. Nilianguka mara tano, mara tano alinisimamisha. Katikati, pale panaposimama kama ukuta, miguu ikakataa. Nikamwambia siwezi tena, nivue mbao hizi. Akazivua. Nikakaa chini. Na ndugu zangu, mimi Bibi Kolotilda, mbele ya wageni wote wa hoteli, mbele ya wapishi waliotoka na aproni zao, niliteremka mlima ule kwa matako.

Ndiyo. Neno langu lile la Queensburgh lilinishusha mpaka chini.

Espe alikuwa amesimama pale mwisho. Nilikuja kwa kasi, koti jekundu limenifunika kichwa, nikasimama kwenye miguu yake kama gunia. Alinitazama. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye theluji, na kicheko ni cha mama yake, kilekile, meno yote nje. Kikageuka kilio. Tukalia wote wawili, kwa sauti, kama tulivyopaswa kulia siku ya mazishi tukashindwa kwa sababu ya hasira yake na kiburi changu.

Alipomaliza akapiga magoti, akafungua vifungo vya buti kimoja kimoja, akanivua. Maji hayakuwepo. Akachukua theluji mikononi, akanipaka usoni, akajipaka na yeye. Akasema, "Bibi, kilio kimekwisha."

Hakusema amenisamehe. Mimi sikumwuliza.

Hapo ndipo nilipofunguliwa, wapendwa. Sikushuka na furaha. Nilishuka bila ile sauti tamu, ilibaki juu, haijanifuata Durban mpaka leo naandika. Cherehani nimeifunua. Huzuni iko palepale, kila Alhamisi inakuja na inakaa mpaka jioni. Naona nitazikwa nayo. Lakini naamka, na sihuzuniki tena kwamba nimeamka. Kwa hilo namshukuru Mungu kwa magoti yangu mawili haya mabovu.

Espe ananipigia simu Jumapili baada ya ibada. Hatuongei mengi, ananiambia watoto wamekula nini. Napokea kabla haijalia mara ya pili, hata kama sindano iko kwenye kitambaa.

Sasa wewe unayesoma na unajua kuna simu unaiacha ilie. Sikubembelezi, sijui kubembeleza. Inuka uipokee leo. Na wewe mwingine uliyesimama mahali pa juu, huoni chini, na moyo unakuambia achia, nakuambia mimi niliyefika hapo: ita. Usingoje upate imani kwanza, ita hivyohivyo na mdomo mkavu. Yuko anayeshuka mbele yako kinyumenyume, mgongo wake kwenye hatari, uso wake kwako. Usipoweza kusimama, kaa chini uteremke umekaa. Yeye hatakucheka. Akicheka, atacheka kama Josefina.

Buti ziko mlangoni kwangu, koti liko kwenye msumari. Baridi ijayo, Bwana akinipa uzima, nitapanda tena kumsalimu yule mzee. Safari hii nitasalimu kwanza.