Hodi ya Surua

Abel alikuwa amepakia abiria wawili kwenye bajaji yake huko Kilakala: Bi Mosi, aliyeshuka milimani kumwona mjukuu wake mwenye surua, na Winfrida, mwanafunzi wa uuguzi. Shikamoo na marahaba zilikwenda vizuri. Ugomvi ulianza Bi Mosi alipouliza surua ilimwingiaje mtoto.

"Kirusi wa surua havunji seli ya mwili, bibi," Winfrida alisema. "Anapiga hodi. Ana miba inayonasa mlangoni, kisha ngozi yake inaungana na ngozi ya seli, anaingia."

"Hodi anapiga mtu mwenye adabu. Huyo mwizi."

"Mwizi angevunja. Huyu anafunguliwa."

"Na nani?"

"Na seli yenyewe."

"Seli ya nani?"

Abel, ambaye husimama kwa yeyote anayempungia mkono, akajifanya anakwepa shimo.

"Sema, mwanangu," Bi Mosi akamhimiza Winfrida. "Mtoto ambaye hata jina lake hajaweza kulitamka, ndiye aliyemkaribisha? Huko chuoni mnafundishwa kumlaumu mwenye nyumba?"

"Simlaumu, bibi. Mlango ule una kazi zake nyingine. Kirusi anautumia tu."

"Basi usiniambie hodi. Tafuta neno la wezi."

Winfrida alikuwa bado analitafuta neno hilo bajaji iliposimama hospitali, mbele ya wodi ya watoto. Bi Mosi akashuka na kikapu chake bila kuaga. Abel alimwona akifika mlangoni, akafungua kinywa apige hodi, akakifumba, akabaki amesimama nje.