Mzee Suleman na Pikipiki ya Mwezi Ujao

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ni mimi Josefina. Leo sikuweka muziki wa kufungulia. Mtu tunayemkumbuka asubuhi hii hakupenda kusubiri muziki uishe, ingawa yeye mwenyewe alitusubirisha miaka tisa. Narudia: miaka tisa.

Tunamkumbuka marehemu Suleman Haji, mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Ngara mjini. Wengi mnamjua kwa sauti. Ni yule mzee aliyepiga simu kila Jumamosi kwenye kipindi chetu cha salamu. Maneno yake yalikuwa hayabadiliki: "Nawasalimu ndugu zangu wote wa Pangani, hasa shemeji yangu Swabaha. Mwezi ujao tunakuja, kwa pikipiki." Na mimi kila mara nilimwambia, mzee wangu, redio yetu inaishia Lusahunga. Pangani ni zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Nani atakusikia? Ananijibu, "Wewe zifikishe tu, mwanangu."

Nitasema kweli. Mzee Suleman alinichosha. Alimchosha mkewe, akamchosha binti yake, akawachosha mafundi wa wilaya mbili. Mtu akifariki tunatakiwa tumseme kwa mema, na mema yake nitayasema. Lakini leo mtanivumilia nianze na haya mengine, maana yamenikaa kooni muda mrefu.

Wazee wake walitoka Pangani kwa biashara wakabaki huku. Yeye alizaliwa Ngara. Alipofika umri wa kuoa akaenda Pangani, akamposa Bi Semeni, akamleta. Sasa, Bi Semeni ana shida moja: gari humtapisha. Basi, teksi, lori, chochote chenye paa. Miaka kumi na tisa iliyopita alikwenda kumzika mama yake. Aliporudi alishushwa hapa mjini amebebwa, akatundikiwa dripu mbili. Akaapa kwamba kupanda basi, ndiyo basi. Lakini kwenye pikipiki, upepo ukimpiga usoni, hatapiki. Msikilizaji, lishike hilo: kwenye pikipiki hatapiki.

Kule Pangani alibaki dada yake mkubwa, Bi Swabaha, ndiye aliyemlea. Miaka tisa na ushei iliyopita Bi Swabaha akagunduliwa na presha ya macho. Daktari akamwambia jicho la kushoto litaanza kuzima, la kulia litafuata, na likizima halirudi. Akampigia simu mdogo wake: "Semeni, njoo nikuone uso wako ningali naona." Bi Semeni akalia. Mzee Suleman akasema neno ambalo ndilo lililotufikisha hapa. "Usilie. Nitakupeleka mwenyewe, kwa pikipiki."

Ahadi nzuri. Na mtu wa ahadi nzuri huwa anaondoka wiki ijayo. Yeye akanunua mradi.

Pikipiki yenyewe aliipata Kabanga mpakani. Kuna mgeni alikuwa anazunguka Afrika nayo, ikamfia pale, akaiuza na kupanda basi. Ni zile pikipiki kubwa za silinda mbili, ndefu, za chini, unakaa umeegemea, miguu mbele, mikono imetanuka kwenye usukani. Watu wa Kabanga wakaiita Sofa. Yule mgeni alimwachia pia kitabu cha picha cha watu wanaosafiri kwa pikipiki za aina hiyo, wenye masanduku, vioo vya upepo na matangi ya ziada. Mzee akakisoma kile kitabu akalala nacho. Ninaamini kama yule mgeni angeondoka na kitabu chake, Bi Semeni angefika Pangani zamani.

Kazi ya kwanza akampa Leonidasi, fundi wa kuchomelea pale Kabanga. Leonidasi anajulikana kwa kutengeneza keria za baiskeli zinazoshusha ndizi kutoka Mugoma. Nilimtembelea juzi. Akaniambia hivi:

"Ego, ndiyo dada, mimi ndiye niliyechomelea. Mzee alisema weka chuma cha nguvu. Mimi chuma cha nguvu ninachokijua ni cha kubeba mikungu sita. Nikaweka hicho. Ikawa nzito, tukashindwa kuisukuma sisi watu watatu."

Ikawa nzito, ikakaa chini nyuma, ekzosi ikawa inagonga kila tuta. Mzee akatafuta shokapu za bajaji zifungwe nyuma. Nyuma ikanyanyuka. Ikanyanyuka mno, taa ya mbele ikawa inamulika tairi. Ikabidi taa ihamishwe. Taa ilipohamishwa, kioo cha upepo hakikuwa na pa kukaa. Hapo tumekwisha maliza miaka mitatu. Nikimuuliza hewani anasema, "Mwenda pole hajikwai, mwanangu." Nikamwambia mzee, hata asiyekwenda kabisa hajikwai.

Kisha kiti. Kwa kiti alikwenda hadi Nyamahanga, kule Biharamulo, kwa mzee Maduhu, mfugaji anayeshona ngozi. Akataka kiti kipana cha nyuma chenye kiegemeo, mkewe asiumie mgongo. Hapo, wasikilizaji, nampa heshima yake. Alimfikiria mgongo. Lakini ngozi aliichukua ingali mbichi, mvua ya kwanza ikainyeshea, na mbwa wa Ngara mjini wakawa wanamfuata kutoka dukani hadi msikitini. Mzee Maduhu alicheka aliponisimulia.

"Nilimwambia, Suleman, ngozi ni ya kusubiri. Akasema ana safari. Yule mtu alisubiri kila kitu duniani, isipokuwa ngozi."

Kiti kikarudishwa Nyamahanga. Mwaka mwingine ukapita. Katika mwaka wa saba, jicho la kushoto la Bi Swabaha likazima. Alilisema kwa simu, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anataja bei ya nazi. Bi Semeni alitoka nje, akaitazama ile Sofa iliyosimama uani haina tairi la mbele. Aliniambia kwamba siku ile nusura aimwagie mafuta ya taa.

Sasa tufike mwaka jana. Sofa ikakamilika. Ilikuwa na tangi la pili, kioo cha upepo, kiti cha ngozi iliyokauka, kiegemeo, na masanduku mawili ya bati ya nguvu, moja kushoto, moja kulia. Siku ya safari majirani walijaa. Mzee Suleman kavaa koti jipya, kaketi mbele, kawasha injini. Bi Semeni akatoka na baibui lake, na mkoba, na mfuko wa kahawa ya zawadi. Akaja upande wa kushoto, kama siku zote. Akasimama.

"Baba Fathiya, mimi nakaa wapi?"

"Panda. Pita juu ya sanduku, mguu mmoja huku, mwingine kule."

"Mimi hukaa upande."

Wasikilizaji, injini ilikuwa inanguruma. Bi Semeni hukaa upande. Tangu alipobebwa kwa baiskeli akiwa mwari, hukaa upande, miguu yote miwili kushoto, kama mamake, kama nusu ya akina mama wa Ngara na Biharamulo wanaobebwa kwenye pikipiki kwenda gulioni. Mzee Suleman mwenyewe alimbeba hivyo miaka thelathini na moja. Na kwa miaka tisa alimjengea kiti ambacho mtu wa kukaa upande hawezi kukikalia. Sanduku limeziba pa kuweka miguu, kiegemeo kimeziba pa kuweka kiwiliwili.

Binti yao Fathiya alikuwepo. Aliniambia, "Kwenye kile kitabu wanawake wote wamekaa kama wanaume. Baba alikifuata kitabu. Mama alikuwa jikoni, hatua kumi na tano kutoka uani. Hakumuuliza hata siku moja."

Hatua kumi na tano! Mtu amekwenda Kabanga mara hamsini, amekwenda Nyamahanga mara tisa, hakwenda jikoni mara moja. Majirani wakarudi makwao. Bi Semeni akamwaga kahawa yake kwenye kopo, akavua baibui, akainjika maharage. Hakusema naye siku tatu. Mimi ningekaa miezi mitatu.

Siku ya nne mzee aliingia jikoni na kijiti cha kupimia. Akamwambia mkewe akae kwenye stuli kama anavyokaa kwenye pikipiki. Akampima kutoka goti hadi unyayo. Leonidasi akaitwa, akatoa kiegemeo na sanduku la kushoto, akachomelea ubao wa chuma wa kukanyagia na kishikio mbele. Maji, spana na tyubu ya akiba vikahamia sanduku la kulia, ili uzito ulingane na miguu ya Bi Semeni. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Sikilizeni vizuri: siku mbili. Wakaijaribu hadi Nyakahura na kurudi. Hakutapika. Fathiya alifuata nyuma kwa pikipiki yake ndogo, anasema mama yake alikuwa anaimba.

Tukapanga tarehe upya. Wiki moja kabla ya tarehe, mzee Suleman akalifungua tangi alipake rangi.

Hapo wote tulimkasirikia. Tangi lilikuwa jeusi, zuri, halina kosa. Jumamosi ile akapiga simu kama kawaida. Nikamwambia, mzee wangu shikamoo, leo usiniambie mwezi ujao. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Nimebakiza rangi tu. Mwezi ujao." Nikamkatia simu, hewani, mbele yenu nyote. Nikaweka tangazo la mbolea.

Siku ya nne, Jumatano asubuhi, mzee Suleman alianguka uani kwake, burashi mkononi. Kiharusi. Alifariki kabla hajafikishwa hospitali. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Na hata mazishi aliyachelewesha. Mmoja wa waliomwosha aliniambia rangi ilikuwa imeganda kwenye vidole na kucha, na maji yanatakiwa yafike mwilini. Ikabidi watafute thina, wamsugue kidole kimoja kimoja. Alikuwa azikwe adhuhuri, akazikwa alasiri. Watu wakalia na kucheka, wakasema huyu ni Suleman kweli.

Rangi ilikuwa ya njano. Njano ya kuumiza macho. Mimi nilidhani ni wazimu wa mwisho. Kisha siku ya tatu ya msiba, nikiwa nyumbani kwao, simu ya Bi Semeni ikalia nikaipokea mimi, maana yeye alikuwa na wageni. Aliyepiga alikuwa Bi Swabaha kutoka Pangani. Akaniuliza, "Je, alimaliza kupaka?" Nikauliza kupaka nini. Akasema, "Nilimwambia shemeji jicho hili lililobaki linaona ukungu mtupu, rangi zote zimekufa. Iliyobaki ni njano. Akaniambia basi nitakuja na njano, utatuona tangu kivukoni, pale mtoni."

Wasikilizaji wapendwa, niliona aibu, na bado naiona. Nilimkatia simu mtu aliyekuwa na sababu. Lakini pia nina hasira naye, na sizifichi. Angesema! Miaka tisa alitupa sababu za uongo na kweli, na ile moja nzuri kuliko zote akaimeza. Hata sababu yake nzuri ilituchelewesha.

Bi Semeni alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, bila kutoka. Eda imekwisha juzi. Leo yuko hapa studioni, kaketi mbele yangu, mkoba mapajani. Nje ya dirisha naiona Sofa, na Fathiya ameshika usukani. Yeye ndiye atakayeendesha. Tangi ni la njano upande mmoja tu, wa kushoto, ndiko mzee alikoanzia, ndiko anakokaa mkewe. Upande wa kulia bado mweusi. Leonidasi alijitolea kuumaliza. Bi Semeni akakataa.

"Nilimwambia aiweke burashi chini," anasema. "Mkianza tena habari za rangi, mwanihesabia mwaka mwingine."

Nimemwomba atume salamu, kama mumewe. Akasogea kwenye maiki. "Dada Swabaha, hujambo. Natoka sasa hivi. Ukiona kitu cha njano kivukoni, ni mimi."

Sikutaka kumkatisha tamaa, lakini nikamkumbusha kwamba redio hii haifiki Pangani. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Najua. Na yeye alijua. Hakuwa akiwaambia wa Pangani, akiwaambia nyie wa hapa, ili mkimwona bado yupo aone haya, aondoke."

Na haya hakuziona, mzee wetu. Kila Jumamosi, miaka tisa, hakuziona.

Kwa niaba ya wenzangu nampa pole Bi Semeni, nampa pole Fathiya na ukoo wote wa Haji, hapa Ngara na kule Pangani. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee Suleman na amsamehe. Nami nakuomba, mzee wangu, unisamehe kwa ile simu. Na ninyi mnaonisikiliza, kila mmoja atazame uani kwake. Kuna nini kimesimama hapo kinasubiri kipate kuwa kizuri zaidi? Kuna nani jikoni hujamuuliza? Ngojangoja huumiza matumbo, na kama mnavyojua, wahenga walipokuwa wakisema hivyo hawakuwa na maana ya...

Samahani, wasikilizaji. Bi Semeni amenishika mkono. Anasema, "Mwanangu Josefina, fupisha. Nina safari."