Kiwanda Hakisainiwi Kitandani

Sogeeni wanangu, sogeeni wote, na wewe mkwe wangu acha kusimama mlangoni kama mgeni. Nitasema mara moja, maana pumzi yenyewe naivuta kwa taabu, na yule bwana wa serikali anayenisubiri sebuleni na karatasi zake asidhani nimelala. Vita vinakuja, nyote mnajua, naye anataka nisaini kiwanda chetu cha masufuria kigeuzwe cha kuyeyusha alumini na kusubu vichwa vya mabomu kabla sijakata roho. Jibu langu ni hapana. Sikilizeni kwa nini, halafu msikie nani anarithi nini.

Nyinyi vita vile vya zamani mlivisoma shuleni, mkakariri vyeo vya majenerali. Mimi nilivijua kwa sabuni. Kabla hatujasikia mzinga hata mmoja, sabuni ilitoweka madukani kwa sababu mafuta yote yalikuwa yanakwenda kwenye viwanda vya baruti. Zikafuata sindano, ikafuata mipira ya baiskeli, wakaja kung'oa nondo za madirisha ya shule, kengele wakaiteremsha, watoto wakawa wanaitwa darasani kwa kugongewa sahani ya bati, na sahani nayo wakaichukua. Chakula tulikipata kwa kadi na kwa foleni. Siku moja nilijiunga na foleni ndefu bila kuuliza, nikasimama asubuhi nzima nikiishukuru bahati yangu, kumbe ni watu wanakwenda kumuaga marehemu. Nilimuaga vizuri tu, simjui, nikarudi nyumbani na kikapu kitupu. Chekeni, mimi mwenyewe nilicheka.

Kisha wakaja kwetu. Babu yenu, mwenye kiwanda, alikuwa mgonjwa amelala chumba hikihiki, na bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa akaketi pembeni ya kitanda, akamshikia mzee wa watu kalamu mpaka akaandika jina lake. Baba yenu walikuwa wamekwisha kumpeleka vitani, na wanaume wengine vilevile, kwa hiyo tanurini tukaingia sisi wanawake, mimi na majirani, tumejifunga usoni vitambaa vilivyoloweshwa maji. Tulisubu vizuri kuliko wao. Hilo halina ubishi.

Ila alumini iliisha, na serikali ikatangaza kila nyumba itoe masufuria yake. Mnajua desturi ya mtaa huu, kila mwanamke hukwaruza alama yake chini ya sufuria ili lisipotee likiazimwa. Basi yalipomwagwa mbele yangu nikawa nawajua wenyewe bila kuambiwa: nyota ya mke wa mwashi, kisamaki cha mkunga, msalaba uliopinda wa mama mkwe wangu. Mkunga ndiye aliyekuwa akichochea moto. Alilichukua lake kwa koleo, akalitumbukiza mwenyewe, kisha akaniuliza, "Sasa dada, tukishinda, tutapikia nini?" Nikachukua sufuria lililofuata. Baba yenu hakurudi, na mtoto wa mkunga hakurudi. Nina hasira mpaka leo, wanangu, na sitaki iniishe, nitakwenda nayo.

Vita vilipokwisha wakaagiza alumini yote iliyobaki ipelekwe kwenye maghala yao. Nikasema haitoki. Tulizivunja kalibu za kumiminia mabomu kwa nyundo, tukaisubu ile alumini masufuria, na kila aliyetoa akapata lake, na alama yake nikaikwaruza kwa mkono wangu. Walitishia kunifunga. Niliwaambia waje, ila waje saa ya chakula, waingie jiko moja moja, wamweleze kila mama kwa nini wanalitoa sufuria motoni. Hawakuja.

Wewe mwanangu wa kwanza umenisihi tangu jana. Umesema, mama, tukikataa watachukua kwa nguvu, na tukivamiwa je, tutajilinda kwa masufuria? Swali lako si la kuchekwa, wewe si mjinga. Lakini nchi inayopigana nayo inakula, na askari wake anakula, na majeruhi wake anakula, na kila kiwanda kikisubu mabomu hakuna atakayesubu sufuria la hospitali. Tulishinda, ndivyo walivyotuambia, na mwaka wa ushindi tulitafuna mahindi makavu kwa kukosa cha kupikia. Wakitaka kuchukua kwa nguvu, basi wachukue kwa nguvu, mchana, watu wakiona. Wasimshike mgonjwa mkono halafu waseme ametoa mwenyewe.

Kwa hiyo nyumba hii ni yako, na usinune, paa linavuja lakini ni lako. Nguo na vyombo vyangu agawe dada yako. Kiwanda nawaachia nyote, pamoja na kila fundi anayefanya kazi kwenye tanuri lile, wake kwa waume, wote sawa. Hakiuzwi, hakikodishwi wala hakigeuzwi mpaka wote wakae pamoja na wote wakubali. Wakili amekwisha kuandika na mashahidi wametia sahihi. Najua mtabishana, nyinyi hamjawahi kukubaliana hata rangi ya mlango. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Safari hii hakuna mgonjwa mmoja wa kumshikia kalamu.

Nipe maji, binti yangu. Basi... yatosha. Yule bwana mpeni chai, amekaa sana. Kisha mwambieni wenye kiwanda wako kazini, akawaombe mmoja mmoja, na aanze na yule mama wa kwenye tanuri... yule asiyesikia vizuri.

Mungu awape afya. Awape watoto wanaorudi nyumbani. Nimewaridhia nyote... hata wewe unayenuna. Mniogeshe vizuri, mnizike mapema, msinicheleweshe kwa hotuba... Mnasikia huko nje? Wamewasha tanuri. Mbona... mbona bado mko hapa? Nendeni. Msinililie saa za kazi.