Pipi ya Mnanaa

Kwenye basi la kwenda Barneveld, mji mdogo wa Uholanzi, bibi aliyeketi mbele yangu alimpa kijana jirani yake pipi ya mnanaa. Kijana akaanza kulia, na pipi zenyewe wala si kali.

“Samahani, bibi. Kanisani kwetu, mahubiri yakianza, baba yangu hugawa pipi hizi benchi zima. Tangu niwaambie napenda wanaume wenzangu, mimi ananiruka.”

“Si uhame kanisa, mjukuu wangu?”

“Mungu nilimjulia pale. Nihamie wapi?”

“Basi Jumapili njoo kwetu, ukae nami.”

“Benchi lenu lina mtu kama mimi?”

Basi likasimama. Bibi akainuka polepole, ameshika mkoba.

“Alikuwepo mwanangu. Siku hizi pipi yake nabaki nayo mkononi mpaka amina.”