Gundi Ikauke Kwanza

TIAEKI: Haloo? Nani huyo? Upepo unakula sauti.

BWERE: Mimi Bwere. Tiaeki, ndugu yangu, hujambo?

TIAEKI: Ah, mheshimiwa meya. Fundi pancha hajambo. Leo namba yangu umeikumbuka?

BWERE: Nimepata pancha ya baiskeli hapa darajani. Nilirudi nyumbani kuchukua nguo za Rotia. Ndege ingalipo?

TIAEKI: Iko mbele ya banda langu. Mkeo wameshampandisha.

BWERE: Kiti cha ubavuni kwake ni changu. Hospitali ya Tarawa hana mtu kule, na daktari kasema siku zake— [mkwaruzo] —za kuhesabu.

TIAEKI: Lori la baraza je?

BWERE: Halina dizeli.

TIAEKI: Dizeli ya baraza huwa inanywewa na nani?

BWERE: Si sasa, bwana. Nina kopo la viraka, kijiko na pampu, ila sijawahi kuziba mwenyewe. Nielekeze.

TIAEKI: Umekanyaga nini?

BWERE: Sijui. Njia yote imejaa majani ya mkadi.

TIAEKI: Na wa kufagia analipwa na— haya. Toa tyubu. Bandua tairi kwa mpini wa kijiko, polepole, usiichane.

BWERE: [anahema] Imetoka.

TIAEKI: Ijaze upepo, izamishe baharini. Penye viputo ndipo.

BWERE: Nimeona. Katundu kama ka sindano.

TIAEKI: Futa chumvi kwa shati, kausha. Piga msasa mpaka weusi upauke. Paka gundi, nyembamba.

BWERE: Nabandika—

TIAEKI: Usibandike. Gundi mbichi haishiki. Ngoja mpaka isinase kidole.

BWERE: Nasikia injini.

TIAEKI: Bado wanapakia samaki. Ngoja tu. Mke wangu Nei Tebora naye alingoja, uwanja huuhuu. Nimebeba mkeka wake, naambiwa nishuke. Kiti cha msindikizaji kachukua meya, ana mkutano.

BWERE: Ulikuwa mkutano wa visima, Tiaeki, visima vya watu wote—

TIAEKI: Visima viko wapi?

BWERE: [anapuliza gundi]

TIAEKI: Kafa siku ya tatu. Mkono wake ulishikwa na mfagiaji wa wodi, wala lugha yetu haijui vizuri. Wewe ulikaa naye angani. Alisema nini?

BWERE: Nilipitiwa na usingizi.

TIAEKI: Ehe.

BWERE: Ndugu yangu—

TIAEKI: Gundi imekauka. Bandika. Kandamiza kwa dole gumba.

BWERE: Imeshika. Imeshika kweli.

TIAEKI: Rudisha tyubu, rudisha tairi, jaza upepo.

BWERE: [pampu inalia] Tayari. Kuna kingine? Nisije nikasahau kitu.

TIAEKI: Hakuna. Panda.

BWERE: Mungu akulipe. Naitia simu mfukoni, usikate.

TIAEKI: Sikati.

BWERE: [mnyororo, upepo] Rotia anaonekana? ... Naona mkia wa ndege. Nakuja, mwambie na— Tiaeki. Tiaeki, imelala tena.

TIAEKI: Gurudumu lilelile?

BWERE: Lilelile. Kiraka hakijashika?

TIAEKI: Kiraka kimeshika. Mwiba wa mkadi umebaki kwenye tairi, umetoboa upya. Ungepapasa tairi kwa ndani, ungeutoa.

BWERE: Hukuniambia. Nilikuuliza kama kuna kingine.

TIAEKI: Uliuliza.

BWERE: Nakimbia kwa miguu. Waambie wangoje.

TIAEKI: Wanafunga mlango. Kiti chako wamewekea magunia.

BWERE: Yeye je?

TIAEKI: Yuko dirishani. Anaangalia njia.

BWERE: Basi mpungie mkono. Nakuomba. Ajue kuna mtu.

TIAEKI: Mikono yangu ina gundi, mheshimiwa.

BWERE: Salio linakwisha, Tiaeki, mpungie tu, hata kama ni—

[simu imekatika]