Mstari wa Jina la Baba

Saa kumi jioni Ursula huwasha jiko lake la mkaa kando ya duka la vipuri pale Mwisenge, na birika linapoanza kutoa harufu, wenye benchi wanakuwa wameshakaa. Bernado wanamwita Hansadi, kwa sababu akizungumza utadhani yuko bungeni na kuna mtu pembeni anamwandika. Elias ni Daktari, ingawa kazi aliyostaafu nayo ni ya kulinda geti la zahanati. Wa tatu ni Mwikwabe, fundi wa injini za mitumbwi, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache ambaye hajawahi kuwapa sababu ya kumpachika jina. Alhamisi moja Mwikwabe alifika amechelewa, akakaa bila salamu, akapokea kikombe akakishika tu. Wakajua kuna jambo.

Alikuwa ametoka kwa wakili. Umri ulikuwa umefika miaka thelathini na minane na hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, na sasa alikihitaji. Wakili alimchapia kiapo vizuri kabisa: jina, dini, kijiji cha Butiama alikozaliwa, jina la mama. Kisha ukaja mstari uliosema, "Baba yangu mzazi ni Magige." Akaambiwa anyanyue Biblia aape kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Mkono ukanyanyuka nusu, ukagoma. Akaomba apewe mpaka Jumatatu.

Magige alikufa miaka sita kabla Mwikwabe hajazaliwa.

Wala haikuwa siri. Magige alimwacha mjane, Nyamburi, bila mtoto hata mmoja. Nyamburi akatoa mahari ya ng'ombe wanane wa kwake, akamuoa binti mmoja, Ghati, kwa desturi ya kwao, mwanamke kumuoa mwanamke ili nyumba isizimike. Mtoto wa Ghati akawa mtoto wa nyumba ya Magige. Mwikwabe alikua kati ya mama wawili, akicheza kwenye kaburi la baba lililokuwa nyuma ya nyumba, na jina la Magige akaliandika kwenye daftari tangu darasa la kwanza. Hakuna aliyemcheka, naye hakuuliza. Lakini sasa alitakiwa kuapa mbele za Mungu, na neno lile "mzazi" hakuweza kuliapia.

Hansadi alianza. Alisema jambo hili kwao lilishaamuliwa zamani, mtoto anahesabiwa kwenye zizi lililotoa ng'ombe. Na kwa kuwa ng'ombe walikuwa wa Nyamburi, basi kwenye mstari wa baba liandikwe Nyamburi, serikali ishangae yenyewe.

Daktari akakataa katakata. Ukweli, alisema, uko kwenye damu. Siku hizi unapanguswa kwa pamba mdomoni, inapelekwa kwenye mashine, jina linatoka. Yeye mwenyewe aliona vifaa hivyo vikipita getini.

— Wewe Daktari, Hansadi akamuuliza, ulishawahi kupimwa na mzee wako?

— Mimi nipimwe ya nini? Baba yangu namjua.

— Nani alikwambia?

Daktari akazungusha kikombe chake mkononi.

— Mama alituambiaga, alisema kwa sauti ya chini.

Hansadi alitaka kucheka, ila kicheko hakikutoka, maana swali lilikuwa limeshamgeukia. Naye aliambiwa na mama yake. Ursula, aliyekuwa akipepea moto, akaacha kupepea akasema na yeye ni vivyo hivyo. Wakabaki wanatazama barabara. Bodaboda zilikuwa zinapita, wanafunzi wanarudi majumbani, wanawake na ndoo za dagaa kichwani, na kila mmoja wao alikuwa amebeba jina ambalo chanzo chake ni neno la mwanamke mmoja, lililosemwa mara moja, likaaminiwa. Daktari akaisogeza hoja mbele zaidi: kama ni hivyo, basi hata rejista za ofisini, hata kura tunazopiga, hata mipaka ya mashamba, vyote vimesimama juu ya maneno ya akina mama waliokwisha kufa. Mwikwabe, aliyekuja kutafuta jibu, alijisikia kama mtu aliyesimama ndani ya ziwa, mchanga unamtoka chini ya nyayo.

Jumamosi alipanda gari kwenda Butiama.

Ghati, mama yake, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Nyamburi alikuwapo, mkongwe, amekaa kwenye ngozi barazani akichambua mtama kwenye ungo. Mwikwabe alimwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa," akakaa chini, akaeleza yote: wakili, Biblia, mkono uliogoma. Alieleza huku akiogopa kwamba anamvunjia heshima. Nyamburi alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha mtama wake.

— Aliyekuleta duniani ninamjua, alisema. Ni mtu mwema na bado yuko hai. Ukitaka jina lake, nakupa sasa hivi.

Jina hilo lilikuwa pale, hatua mbili kutoka kwake, mdomoni mwa mwanamke ambaye hakuonekana kuliogopa hata kidogo. Lakini swali lililomtoka lilikuwa lingine.

— Magige hakuwahi kuniona, mama mkubwa. Hakujua hata kama nitakuja. Nitaapaje kwamba ni baba yangu?

Nyamburi akaweka ungo chini. Akamsimulia, taratibu, kwa lugha ya nyumbani. Ghati alijifungua asubuhi ya mvua. Mtoto alipokwisha kuoshwa, Nyamburi alimfunika kwa kanga yake mwenyewe, akatoka naye mvuani, akaenda nyuma ya nyumba hadi kaburini. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa hajalala vizuri, kwa sababu alikuwa amefanya jambo kubwa kwa jina la mtu ambaye hangeweza kumuuliza.

— Nikamwambia, Magige, mtoto wako huyu hapa. Nikasimama pale nimekushika. Nilikuwa nangoja kama atakataa.

— Ukangoja mpaka saa ngapi?

— Mpaka mvua ikakatika. Ulikuwa unalia, ukanyamaza. Hakukataa.

Akaokota ungo akaendelea na kazi. Miaka yote Mwikwabe alidhani alizaliwa tu kama watu wengine wanavyozaliwa. Hakujua kwamba mtu alisimama kwenye mvua, peke yake, akamwombea baba kwa aliyekufa, akangoja jibu kwa uvumilivu ule. Lile jina jingine hakuliuliza tena, wala Nyamburi hakulitaja.

Jumatatu alimwomba wakili afute neno "mzazi" abakishe "baba" tu. Wakili akasema inakubalika. Mwikwabe akanyanyua Biblia, akaapa, na safari hii mkono haukugoma.

Jioni ile aliwasimulia benchini, neno kwa neno. Karatasi ya kiapo yenye mhuri ikazunguka mkono hadi mkono. Siku hiyo alikuwapo pia mwalimu mgeni, Stellah, aliyehamia kutoka Bunda, amekaa kwenye kigoda cha Ursula akisubiri mvulana wa dukani amtafutie kufuli. Alisikiliza hadithi yote. Karatasi ilipomfikia aliisoma kwa utulivu, akiwa na kidole chini ya mistari kama walimu wanavyofanya.

— Hapa pa baba pameandikwa Magige, alisema. Pa mama pameandikwa Ghati. Samahani, kaka, mimi ni mgeni. Yule mama aliyesimama mvuani ameandikwa wapi?

Ursula aliinua birika, akaliweka tena bila kummiminia mtu.

Mwikwabe akaipokea karatasi. Akaisoma kuanzia juu hadi kwenye mhuri. Akaigeuza upande wa pili, ulikuwa mweupe. Akaigeuza tena, akaanza kusoma upya kutoka juu, polepole, na benchi zima likamngoja.