Wazo Lisilotamkwa

Basi lilikuwa limepita Isinya, na Sheryl, aliyehitimu juzi masomo ya ushauri nasaha, alikuwa amewategea sikio akina mama wawili wa kiti cha mbele. Mmoja, Nalangu, alikuwa akienda hospitali ya Kajiado, akihofia kwamba binti yake hatatoka hai uzazini.

"Mshauri wa kliniki alisema nitoe hiyo wazo kwa mdomo, halafu niulize ushahidi iko wapi," alisema. "Lakini kwetu kitu mbaya haitamkwi. Ukiitamka, umeiita."

"Mama, wazo ni wazo tu," akasema Aketch, yule mwenzake wa kiti waliyejuana naye garini humo. "Ukilifungia ndani ndio linanenepa."

"Wewe uko na mtoto?"

"Niko na mmoja. Yuko shule."

"Basi anza wewe. Sema juu yake ile kitu unataka niseme juu ya wangu."

Aketch akageukia mkoba wake, akaanza kuupekua. Sheryl, aliyekuwa na jibu la darasani tangu Isinya, alijaribu kimoyomoyo kulitamka wazo kama hilo kwa jina la mama yake, akashindwa.

Basi likasimama langoni pa hospitali. Nalangu akashuka na wazo lake, na hakuna aliyemwambia alitoe.